Kiungulia cha Askari: Kutoka Killeen hadi Mwanza

Killeen, Texas

Mji huu unaishi kwa kambi. Fort Hood, moja ya kambi kubwa kabisa za jeshi la Marekani, imepakana na nyumba za watu, na ukikaa kwa kinyozi au kwenye foleni ya duka utasikia asilimia zikitajwa kama umri: huyu ana sabini, yule ana kumi. Ni kiwango cha ulemavu ambacho Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, inayoitwa VA na kila mtu hapa, imekubali kwamba kilitokana na utumishi.

Mwenyeji wangu ni shemeji. Alizaliwa Nakuru, akahamia Marekani, akajiunga na jeshi, akaendesha malori Iraki. Mgongo uliharibikia huko. Kwa miaka mingi alimeza ibuprofeni ili aweze kukaa kwenye usukani, na siku hizi asidi humpanda kooni usiku hata analala ameegemea mito.

“Shem, ukisema mgongo, watu wanakupa pole,” aliniambia. “Ukisema kiungulia, wanakuambia upunguze pilipili.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika. Kiungulia hakiachi kovu wala hakimfanyi mtu achechemee. Lakini asidi inayopanda mwaka baada ya mwaka huunguza umio, huweza kuubana hadi chakula kikwame, na kwa baadhi ya watu huandaa njia ya saratani. Nilitaka kujua serikali hupimaje maumivu yasiyoonekana, na askari asipoweza kuthibitisha, nani hubeba hasara.

Sheria ya Marekani inadai mambo matatu. Uwepo ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Liwepo jambo lililotokea jeshini: jeraha, ugonjwa au mazingira ya kazi. Kisha yawepo maoni ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Hapo pa tatu ndipo madai mengi ya kiungulia hukwama, kwa sababu askari wengi walikuwa wakinunua dawa dukani bila kwenda zahanati ya kambi, na faili halina neno.

Shemeji anapitia njia ya pembeni ambayo sheria inaitambua: ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa. Mgongo wake umekwisha kukubaliwa. Daktari akiandika, kwa sababu zinazoeleweka, kwamba dawa za mgongo zilileta kiungulia au zilikizidisha, dai lina miguu ya kusimamia. Wengine hupita kwa msongo wa akili wa vitani uliokwisha kukubaliwa. Waliopigana vita vya Ghuba wana sheria inayochukulia kwamba baadhi ya magonjwa ya tumbo yasiyo na chanzo kinachoonekana yalitokana na utumishi, ila ugonjwa huu wa asidi umewekwa nje ya kundi hilo. Hata sheria ya PACT ya 2022, iliyowafungulia mlango waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, imezitaja saratani za mfumo wa chakula, lakini kiungulia haikukitaja.

Halafu kuna kipimo chenyewe, na hiki kimebadilika. Hadi Mei 2024 ugonjwa huu haukuwa na fungu lake. Ulipimwa kwa kufananishwa na henia ya kiwambo, kwa asilimia 10, 30 au 60, na kilichoangaliwa ni mateso ya mgonjwa: kuungua, kumeza kwa shida, chakula kurudi, maumivu ya kifua, kutapika, kupungua uzito. Tangu tarehe 19 Mei 2024 una fungu lake, na kinachoangaliwa ni umio uliobana, kwa ushahidi wa kamera au picha ya hospitali. Asilimia 10 ni kwa umio uliobana unaohitaji dawa kila siku ili mtu ameze. Asilimia 30 ni kwa anayepanuliwa umio hadi mara mbili kwa mwaka. Juu yake ipo 50, na 80 kwa waliofikia upasuaji au kulishwa kwa mrija pamoja na madhara mengine makubwa. Mtu anayeungua kila usiku, lakini umio wake haujabana, kwa kawaida hupata sifuri.

Kwa fedha, mwaka 2025 asilimia 10 peke yake ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na 30 kwa asiye na wategemezi dola 537.42. Waliokwisha kupewa asilimia kwa kipimo cha zamani hawapunguziwi kwa sababu tu kipimo kimebadilika. Mzigo umewaangukia wanaodai sasa.

Nilimuuliza shemeji kwa nini ahangaikie sifuri. Akanieleza kwamba sifuri iliyotambuliwa ina maana: tiba ya ugonjwa huo inakuwa juu ya serikali, na siku umio ukibana, hataanza tena kuthibitisha ulitoka wapi. Ataomba kuongezewa tu.

Washington

Katika F Street lipo jengo la matofali mekundu lililojengwa kati ya 1882 na 1887 kwa ajili ya makarani wa pensheni za askari. Leo ni makumbusho ya usanifu wa majengo. Mhandisi wake, Montgomery Meigs, aliuzungushia ukuta wa nje michongo ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakiandamana kwa urefu wa takriban mita 365. Miongoni mwao wapo wagonjwa na majeruhi. Nililizunguka taratibu. Taifa lililojenga ofisi ya mafaili kwa fahari ya jumba la mfalme lilijua kwamba vita haviishi siku bunduki zinaponyamaza. Pensheni ya mwisho ya vita vile, dola 73.13 kwa mwezi, ililipwa hadi 2020, alipofariki Irene Triplett, binti wa askari.

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, katika Indiana Avenue, ipo Mahakama ya Rufaa za Madai ya Wanajeshi wa Zamani. Iliundwa kwa sheria ya 1988. Kabla ya hapo, askari aliyenyimwa hakuwa na mahakama ya kwenda. Neno la idara lilikuwa la mwisho.

Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu. Anaweza kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie faili lilelile bila kuongeza kitu. Au anaweza kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa. Akichukua hatua ndani ya mwaka mmoja, hulinda tarehe ya dai lake, na kwa tarehe hiyo malimbikizo huhesabiwa. Bodi ikimkatalia, ana siku 120 za kufika mahakamani.

Kwa dai la kiungulia, mara nyingi njia ya kwanza ndiyo yenye faida, kwa kuwa kinachokosekana ni barua ya daktari. Na msaada wa kuandaa dai ni bure kwa vyama vya wanajeshi vilivyoidhinishwa. Anayekutoza fedha kwa dai la kwanza anavunja sheria.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kanuni moja. Ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukilingana uzito, askari anapewa ushindi. Hatakiwi kuondoa shaka. Shaka ni yake.

London

Chelsea ipo hospitali ya kifalme iliyoanzishwa 1682, na wazee wake wenye makoti mekundu wangali wanaishi humo. Uingereza, kwa hiyo, si ngeni katika jambo hili. Ila kuhusu shaka imerudi nyuma. Kwa madhara ya kabla ya tarehe 6 Aprili 2005, askari akidai ndani ya miaka saba tangu kuacha jeshi, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba utumishi haukuhusika. Kwa madhara ya tarehe hiyo na kuendelea, askari ndiye anayethibitisha, na ushahidi wake sharti uzidi. Mizani ikilingana, anarudi mikono mitupu. Pale ambapo Killeen mtu angeshinda, hapa anashindwa kwa faili lilelile.

Mwanza

Nikiwa kando ya ziwa nilikumbuka habari iliyoandikwa na mwanahistoria Charles Miller. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Wazee walikusanyika hapa Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati. Mwandishi huyo anasimulia kwamba mlipaji aliwapa wengine ufagio, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye kwata ya bunduki, na hakuna aliyeshindwa.

Wasimuliaji huipenda habari hiyo kwa utamu wake. Mimi inanihuzunisha. Wazee wale walibaki na mwili peke yake kuwa shahidi, na mwili uliweza kuonyesha kwata tu. Homa, mgongo, tumbo, nani aliyeviandika? Hata askari Waafrika wa upande wa Waingereza, wale wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma baada ya vita vya pili vya dunia, walipewa kiinua mgongo kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile.

Nimelinganisha, na msimamo wangu ni huu. Wema wa serikali kwa askari wake usipimwe kwa ukubwa wa hundi tu. Upimwe kwa swali la nani hubeba shaka. Marekani imejibu vizuri kuliko wote niliowaona, kisha kwa kipimo cha 2024 ikapunguza thamani ya jibu lake, maana haki ya kuaminiwa kwamba uliumia jeshini haitoshi iwapo maumivu yenyewe yanahesabiwa sifuri mpaka umio ubane.

Kwa kijana anayeingia jeshini leo, Dodoma, Nairobi au Texas, nasema: usinunue dawa kimyakimya. Nenda zahanati ya kambi, uandikwe, uombe nakala. Na kwa serikali zetu nasema: askari hachagui kambi, chakula wala dawa anazopewa, na faili lake mnalitunza nyinyi. Likikosa ukurasa, gharama ya ukurasa huo ni yenu.