Kanda za Harusi katika Nyumba za Mji wa Kale

Mwenye kuingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha akafuata Ndia Kuu kuelekea Msikiti wa Mandhry, huona milango ya nakshi, roshani za mbao na kuta za mawe ya matumbawe. Huona pia namna hewa ya bahari inavyozila nyumba hizo: chokaa hupomoka, misumari hushika kutu, mbao huoza. Hayo tumeyazoea, na mwenye uwezo hukarabati. Lakini ndani ya nyumba hizo mna amana nyingine inayoliwa na hewa hiyo hiyo, na wachache huikumbuka. Nazo ni kanda za video.

Kanda za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Katika miaka ya 1980 ndugu zetu waliokwenda Jeddah, Dubai na Maskati kutafuta riziki walirudi na deki na kamera, na haukupita muda harusi za Kibokoni na Kuze zikawa na mpiga video wake. Leo kanda hizo zimelala juu ya kabati au ndani ya sanduku chini ya kitanda. Humo mna nikaha iliyosomwa na sheikh ambaye sasa ni marehemu, mna vugo la akina mama, na mna mabibi wanaosema Kimvita ambacho wajukuu wao hawakisemi tena. Mna na mtaa wenyewe: baraza iliyovunjwa, roshani iliyoanguka, mlango uliouzwa.

Kanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na gundi inayoushika unga huo hunyonya unyevu. Baada ya masika kadhaa hutokea ukungu mweupe kandokando ya utepe. Kanda yenye ukungu isitiwe ndani ya deki, kwani huchafua kichwa cha deki na kuambukiza kanda nyingine. Hiyo apewe fundi ajuaye kuisafisha. Deki mpya nazo hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho, ya huko huko Japani, iliacha kuziunda mwaka 2016. Kila mwaka tunaochelewa, deki nzima hupungua na fundi wake huzeeka.

Kazi yenyewe si ngumu. Huhitajiwa deki inayofanya kazi, kifaa kidogo cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye kompyuta, na nyaya za kuviunganisha. Kwanza vunja kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, ili pasirekodiwe kitu juu yake kwa bahati mbaya. Ijaribu deki kwa kanda isiyo na thamani. Kisha kanda huchezwa mwanzo hadi mwisho huku kompyuta ikinasa. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, hapana njia ya mkato. Faili likishapatikana, liwekwe mahali pawili, na moja katika hizo nakala likae nyumba nyingine.

Enyi mama zetu na dada zetu, hapa ndipo penye jambo zito. Zamani siku ya kupamba ilirekodiwa na mwanamke, mlango umefungwa, na wageni walivua buibui wakijua kwamba hapana mwanamume atakayewaona. Leo kanda hiyo hiyo hupelekwa dukani, ikakaa siku kadhaa mbele ya vijana wasiowajua waliomo, na nakala ikabaki katika kompyuta ya duka. Wanazuoni wana maneno yao juu ya picha, na si hapa mahali pa kuyaeleza. Lakini wale wanawake waliaminiana, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Hawawezi tena kuulizwa kama wanaridhia. Sitara ya maiti ni deni kwa walio hai.

Kwa hiyo kanda za wanaume na za nikaha zipelekwe kwa fundi mwaminifu. Kanda za wanawake zifanywe nyumbani na binti wa aila. Mabinti zetu wanaijua kompyuta kuliko sisi, na kifaa kimoja chaweza kuzungushwa mtaa mzima. Zikishahamishwa, zisitumwe kwenye simu, wala katika makundi ya jamaa. Picha ikitoka mara moja hairudi. Na bibi akiwa hai, aketi pamoja na mjukuu wakati kanda inacheza, amtajie kila uso ni wa nani na alizaliwa nyumba gani, na majina yaandikwe. Hiyo ndiyo faida ambayo fundi wa dukani hawezi kukupa kwa bei yoyote.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, azihifadhi nyumba zetu, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.