Apa Picha Inatokaka

Anayenukuu mazungumzo kwa programu ya ELAN anaijua kero ya skrini ndogo. Juu kuna mawimbi ya sauti, chini kuna safu za maandishi: maneno ya msemaji, mgawanyo wa mofimu, tafsiri. Kwenye laptopu yangu ya inchi 11 nilikuwa naona safu mbili tu kwa wakati mmoja. Nami nilikuwa na saa sita za sauti za akina mama wanaouza sambaza hapa Goma, na tasnifu ya kukabidhi.

Baba mdogo alipofunga duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi, alinipa kompyuta yake ya mezani, ile ya kipande kimoja ambayo mashine yote imefichwa nyuma ya skrini. Ilikuwa nzito kufanya kazi, lakini skrini yake ilikuwa pana na safi. Nikapiga hesabu: nyuma yake kuna tundu la HDMI, laptopu nayo inalo, kinachokosekana ni waya. Nikaununua Birere kwa nauli yangu ya wiki nzima. Nilipounganisha, skrini haikuonyesha kitu. Nikabadilisha ncha za waya. Vilevile.

Nikaibeba hadi kwa fundi, nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha darasani: “Je, tundu hili hupokea picha?”

Akacheka. “Mwalimu, apa picha inatokaka tu. Kuingia, hapana.”

Alikuwa sahihi. Kwenye nyingi ya kompyuta hizi, tundu hilo ni la kupeleka picha kwenye skrini ya pili. Skrini yake yenyewe imeunganishwa ndani kwa ndani, na picha ya nje haina njia ya kuifikia. Chache zina tundu la pili, la kuingizia. Baadhi ya iMac, kuanzia za inchi 27 za mwishoni mwa 2009 hadi za katikati ya 2014, ziliweza kugeuzwa skrini ya kompyuta nyingine. Za 5K zilizofuata hazikuweza. Herufi nne za HDMI hazisemi lolote kuhusu mwelekeo.

Fundi aliyasema yote mawili, mwelekeo na desturi, kwa kitenzi kimoja: inatokaka. Ile -aka ya mwisho ni ya mazoea. Ndivyo tundu lilivyo siku zote, si kwamba leo limeharibika. Nilirudi kwa miguu, maana nauli ilikuwa imeshakuwa waya, nikiwaza jambo lililonitia aibu. Katika nukuu zangu, kila mama aliposema “tunauzaka hapa”, mimi nilikuwa nimeandika “huwa tunauza hapa”. Nilijiambia kwamba naondoa makosa. Kumbe nilikuwa nafuta data.

Suluhisho la skrini lilipatikana bila waya. Kompyuta zote mbili zina Windows 10, na ile kubwa inaweza kupokea picha ya laptopu kwa Wi-Fi. Kipengele cha kupokelea nilikipakua mara moja. Tangu hapo hakijaniomba intaneti, kwa kuwa mashine hizo zinawasiliana moja kwa moja. Kishale cha kipanya huchelewa kidogo, jambo ambalo lingeudhi kwenye mchezo, lakini kwenye kunukuu linavumilika. Sasa safu zangu zote zinaonekana pamoja.

Nimeanza kuzipitia upya zile saa sita, nikirudisha kila -aka mahali pake. Kazi imerudi nyuma, na msimamizi wangu nimemweleza sababu. Jana usiku umeme ulikatika. Skrini kubwa haina betri, ikazimika papo hapo. Laptopu ikabaki inawaka. Nilipunguza safu hadi moja tu, ya maneno ya msemaji, nikavaa vipokea sauti masikioni na kuendelea kusikiliza.