Jina la Seneca na wamama wanaolibeba

Juma hili twende mbali kidogo, magharibi ya jimbo la New York, Marekani. Ukifungua ramani ya huko utakuta jina Seneca kila upande: ziwa refu, wilaya, barabara, mji wa Seneca Falls, hata kazino. Wengi hufikiri ni jina la yule mwenye hekima wa Roma ya zamani. Sivyo. Ni jina la kabila la wenyeji wa nchi hiyo. Waholanzi walilisikia kwa majirani zao, likaandikwa hivyo. Wenyewe hujiita watu wa mlima mkubwa.

Karibu na mji wa Victor kuna kilima kiitwacho Ganondagan. Hapo palikuwa mji wao, wenye nyumba ndefu za maganda ya miti. Mnamo 1687 jeshi la Wafaransa lilikuja na kuteketeza akiba yao ya mahindi. Leo nyumba moja imejengwa upya, wageni wanaingia na kutazama. Katika nyumba kama hiyo mama ndiye aliyekuwa mkubwa. Wanawake walilima mahindi, maharagwe na maboga. Wamama wa koo ndio waliochagua chifu, na akiharibu kazi, waliweza kumwondoa.

Mwezi wa saba 1848, wanawake wa kizungu walikutana Seneca Falls kudai haki zao. Mmoja wao, Lucretia Mott, alikuwa ametoka kuwatembelea Waseneca wa Cattaraugus. Lakini mwaka huohuo Waseneca wa Cattaraugus na Allegany waliacha machifu wa koo, wakaanza kuchagua viongozi kwa kura, na kura hiyo ikawa ya wanaume. Wanawake wao waliipata mwaka 1964.

Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa inajenga bwawa la Kinzua, ingawa mkataba wa 1794 uliahidi kwamba ardhi yao haitaguswa. Maji yalifunika mashamba. Watu wapata 600 walihamishwa, na makaburi ya wazee yakafukuliwa. Jina lilibaki kwenye ramani, wenye jina wakabeba mizigo.

Hata hivyo hawakuisha. Mji wa Salamanca umesimama juu ya ardhi yao, na wakaaji wake huwalipa kodi ya kiwanja. Kazino zenye jina Seneca ni mali ya taifa lao wenyewe. Na mpaka leo mtoto huandikwa Mseneca kwa sababu mama yake ni Mseneca, jambo ambalo ndugu zetu Babemba wa Katanga wanalielewa vizuri, maana kwao pia ukoo hupitia kwa mama.

Kibao cha barabara kinaweza kutunza jina, lakini hakilei mtoto. Kwenye mkutano wetu ujao tuulizane: watoto wetu wanajua majina ya bibi zao, na maana ya jina la kijiji walikotoka? Asiyejua, tumwambie jioni hii.