Mtoto wa Sigi, pointi za elki na nauli ya nyumbani

Kuna kaka mmoja wa Sigi, kule Amani, sasa yuko Houston. Ndoto yake ni kuwinda elki, yule kulungu mkubwa mwenye pembe kama matawi. Shida, Wyoming anahesabika mgeni: analipa kuliko wenyeji, halafu anaingia kwenye droo. Akikosa anajikusanyia pointi. Wyoming dirisha linafungwa mapema Februari, Colorado mwanzoni mwa Aprili. Kalenda ukutani utadhani ratiba ya ligi!

Wife kapiga hesabu: hela hiyo ni nauli ya kwenda kumuona mama, anayeumwa. Mama mwenyewe kwenye simu kacheka, "Mwanangu, huku ukiwinda msituni ni kesi. Huko unalipa ili wakunyime?"

Colorado kafuta. Wyoming kaibakiza, ana pointi nne. Tiketi ya Dar, Mei.