Nani Anakushikia Mtoto?

Kwetu Buha, mkoani Kigoma, mwanamke akijifungua watu hujaa nyumbani. Mama mkwe anapika, wifi anachota maji, jirani anampakata mtoto ili mzazi apate usingizi. Nilipoanza kazi ya uuguzi katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, Kakonko, mwaka 2016, niliwakuta wazazi wasio na hata mmoja wa hao.

Kambi ilifunguliwa Januari mwaka ule kupunguza msongamano wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Warundi waliokimbia machafuko ya 2015 nchini mwao, wengine kupitia kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na meli ya MV Liemba, waliishi kwenye mahema jirani na watu wasiowajua. Binti mmoja wa Makamba, Burundi, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na ndoo mkononi, na maji ya Mtendeli yalikuwa ya shida kweli. Mama yake alibaki ng'ambo ya mpaka.

Kliniki wazazi hao walilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio, maziwa kukauka. Huzuni hawakuitaja. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo niliwauliza mwenyewe: nani anakushikia mtoto? Hapo ndipo machozi yalipotoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa sonona. Mimi niliwaona kwa nyuso zao.

Nafuu haikuanzia kliniki. Wanawake wa mtaa mmoja walianza kupeana zamu: huyu anapanga foleni ya maji, yule anakwenda kuni, mwingine anabaki na watoto. Mzazi mpya alipelekewa uji, hata mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2017 na uji ukawa mwepesi. Mama kijana aliyekuwa hataki hata kumtazama mwanawe, nilimkuta baadaye akimnyonyesha huku akibishana na wenzake bei ya dagaa. Nilifurahi mno. Wapo waliohitaji dawa pia, nao tuliwapeleka kwa wataalamu.

Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ilifungwa na watu wakahamishiwa kambi ya Nduta, Kibondo. Wengine walikwisharudi Burundi. Iliniuma kuona zamu zile zinavunjika, kwani zilijengwa kwa miaka na hakuna gari la kuzibeba. Kabla ya kuondoka, wanawake wale walikubaliana kwamba watakaotangulia Nduta wawatafute kwanza wajawazito wa mtaa wao mpya, kabla hata ya kufungua mizigo.