Juzuu ya Tatu

Mwanajiolojia François Ellenberger alifariki mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameshatoa juzuu mbili za historia ya jiolojia. Ya kwanza, ya 1988, inaanzia kwa watu wa kale na kufika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Ya pili, ya 1994, inakomea 1810. Ya tatu haikutoka. Msomaji anayemaliza ya pili anaachwa kizingitini mwa karne ambamo elimu ya miamba ilikomaa, ikapata vyama vyake, ramani zake na ugomvi wake, na aliyemfikisha hapo hayupo tena.

Nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichopotea. Kuna ule msemo wa mzee anayekufa na maktaba inayoteketea. Umesemwa hadi umechakaa, na hapa haufai hata kidogo, kwa sababu hakuna kilichoteketea. Vitabu vya kale alivyovisoma bado vimo katika maktaba za Ufaransa. Anayetaka akaviombe.

Alizaliwa 1915 katika nchi ya Walozi, Zambia ya leo, kwenye ukoo wa wamisionari. Babu yake aliishi Masitise, Lesotho, katika nyumba iliyojengwa chini ya mwamba, akaandika historia ya Wabasotho. Baba yake, Victor, aliandika juu ya kuangamizwa kwa Wasan. Kaka yake Henri alitoa kitabu kinene kuhusu historia ya tiba ya akili. Mdogo wake Paul alijulikana kwa kusoma nyayo za dinosaria kwenye miamba ya Lesotho, na François mwenyewe aliwahi kufanya naye kazi huko. Karibu wote walishughulika na yaliyokwisha kupita. Sijui kama hilo hurithiwa.

Yeye alianza na mawe. Vita vilimkatiza: alitekwa 1940, akakaa hadi 1945 katika kambi ya maofisa mateka huko Edelbach, Austria. Mateka hao walijiundia chuo kikuu chao ndani ya seng'enge, kikiongozwa na mwanahisabati Jean Leray. Baada ya vita Ellenberger alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu, kisha akarudi kwenye milima ya Vanoise, upande wa Alps ya Ufaransa, ambako miamba imekandamizwa na kuiva kwa joto hata visukuku vyake vingi vimefutika. Kuipa miamba ya namna hiyo umri wake kunataka mtu asiyekata tamaa haraka. Nadhani ndipo alipojifunza kuwasoma waandishi waliofutika.

Mmoja wao ni Henri Gautier, mhandisi wa madaraja na barabara aliyezaliwa 1660. Vitabu vyake vya ujenzi vilijulikana sana. Lakini mwaka 1721 alichapisha pia mawazo yake kuhusu dunia: mito inaimenya milima kidogo kidogo, inaupeleka udongo baharini, na udongo huo ndio matabaka ya nchi zijazo. Hayo aliyasema zaidi ya miaka sitini kabla ya James Hutton wa Scotland, ambaye leo ndiye anayeitwa baba wa fikra hiyo. Tatizo ni kwamba katika kitabu hicho hicho Gautier alishikilia kuwa dunia ni tupu ndani, yenye gamba jembamba tu. Waliokuja baadaye walicheka, wakafunga kitabu. Ellenberger hakukifunga. Katika miaka ya 1970, alipokwisha kuwa mwanajiolojia mwenye jina, alikaa na mhandisi huyo, akautenganisha mto na lile gamba, kisha akaonyesha kuwa kwa Gautier mwenyewe vitu hivyo viwili vilikuwa hoja moja.

Kazi zisizokamilika ni nyingi katika elimu hii. Kitabu cha Nicolaus Steno cha 1669, kilichotufundisha kwamba tabaka la chini limetangulia la juu, kilikuwa utangulizi tu wa kitabu kikubwa alichokiahidi. Steno akaingia upadri, na kitabu kikubwa hakikuja. Hutton naye alitoa juzuu mbili za nadharia yake ya dunia mwaka 1795, akafa 1797. Mswada wa sehemu ya tatu ulilala zaidi ya miaka mia moja hadi mwanajiolojia Archibald Geikie alipouchapisha London mwaka 1899. Hutton huyo ndiye aliyekwenda kwa mashua hadi Siccar Point, pwani ya Scotland, mwaka 1788, akaona matabaka yaliyosimama wima na mengine yamelala juu yake. Kati ya hayo mawili hakuna jiwe lolote, ila leo tunajua kuwa hapo pamepita miaka milioni 60 hivi. Wanajiolojia hawalii wakifika mahali kama hapo. Wanapima, wanaandika kwamba kuna pengo, wanaendelea kupanda.

Mimi siwezi kuwa mtulivu hivyo. Utangulizi wa Steno uliwatosha wengine kuendelea. Mswada wa Hutton ulikuwa na wino juu yake, ukamngoja Geikie. Alichokuwa nacho Ellenberger ni tabia ya kumsoma mtu aliyekosea bila kumcheka mpaka aeleweke alikuwa anatazama nini, na tabia haiachwi kwenye saraka. Kamati aliyoianzisha Ufaransa mwaka 1976 kwa ajili ya historia ya jiolojia iliwakusanya wengine wenye subira hiyo, na hilo si dogo. Lakini macho yake yalikuwa yameshapita kwenye kurasa elfu nyingi, na hayo hayakugawanywa kwenye vikao.

Walio wakubwa baada ya 1810 hawahitaji kuokolewa: Cuvier, Lyell na Darwin wana vitabu vya kutosha juu yao. Ninaowafikiria ni akina Gautier wa karne hiyo, wahandisi, mapadri wa vijijini na wachimba migodi walioona jambo moja sawa na kukosea matano. Majina yao siyajui, na huwezi kwenda kwa mkutubi ukamwomba kitabu cha mtu ambaye hujui kama aliwahi kuandika.