Jozi ya 9, chama cha watu 12 na safari ya Las Vegas

Wengi mmenikumbusha kwamba niliahidi kuandika kuhusu ile safari yangu ya karata mwaka 2024. Leo umeme uko, intaneti iko, na hakuna anayenifukuza na kazi, kwa hivyo karibuni. Ni hadithi ndefu kidogo, tafuteni chai.

Kwanza tusafishe jina. Hapa Kenya ukisema unacheza poka, watu wanaelewa kitu kingine kabisa. Poka yetu ni ile ya bwenini: 2 na 3 zinamlisha mwenzako, J inaruka, K inarudisha, 8 na Q ni maswali, na kabla ya kumaliza sharti utangaze "niko kadi". Poka ya Las Vegas, hasa aina iitwayo Texas Hold'em, ni mnyama mwingine. Unapewa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa mezani kwa wote, na katikati kuna raundi nne za kuweka dau. Karata zako mbili zinaweza kuja kwa njia 1,326. Jozi ya A huja mara moja katika 221, kwa hivyo ukikaa mezani siku nzima unaweza kuiona mara moja au mbili tu. Muda mwingine wote unacheza na takataka, na ufundi wenyewe ni kujua takataka ipi utupe.

Mimi nilivutwa na hesabu. Nikiwa chuo kikuu nikisomea sayansi ya tarakilishi nilikutana na karatasi ya utafiti ya mwaka 2007 iliyoeleza mbinu ya kupunguza majuto. Jina linachekesha lakini ndivyo lilivyo. Programu inacheza na nafsi yake mabilioni ya mara. Kila mara inapoamua jambo, inajiuliza: ningefanya lile lingine, ningepata kiasi gani zaidi? Hiyo tofauti ndiyo majuto. Inayaandika, inayajumlisha, na raundi ijayo inaegemea upande wenye majuto makubwa. Hakuna mtu anayeifundisha kutisha wala kudanganya, lakini baada ya muda inaanza kudanganya yenyewe, kwa kipimo sahihi. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walitangaza Cepheus, iliyomaliza kabisa aina moja ya poka ya watu wawili yenye dau la kikomo. Januari 2017 ikaja Libratus, ikacheza mikono 120,000 na wataalamu wanne huko Pittsburgh na kuwashinda wote. Mwaka 2019 Pluribus ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Mtu wa programu atasoma hayo alale usingizi? Mimi sikulala.

Mashindano yenyewe, World Series of Poker, yalianza mwaka 1970 na miaka mingi yalikuwa ya wazee wa Texas na kofia zao. Kilichoyabadilisha ni intaneti. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake halisi), alilipa dola 86 kwenye shindano dogo la mtandaoni, akapata tiketi ya shindano kuu la dola 10,000, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye washiriki walikuwa 8,773. Mwaka 2024 wakafika 10,112. Kila mtu anataka kuwa yule mhasibu.

Mimi sikuwa na dola 10,000, na ningekuwa nazo ningenunua ploti Kitengela. Nilichokitaka ni shindano la kando la dola 600. Kabla ya kuamua niliandika programu fupi ya kucheza shindano la namna hiyo mara 100,000. Nikajipa ukarimu: nikajichukulia kuwa mchezaji mzuri kidogo kuliko wastani. Kwa kawaida wanaolipwa ni kama asilimia 15 ya walioingia, na mwandalizi hukata zaidi ya asilimia 10 ya kiingilio kabla pesa hazijaingia kwenye zawadi. Jibu la programu lilikuwa baridi: mara nne katika tano, ndugu, utarudi mikono mitupu. Nauli haikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Ndipo nikafanya wanachofanya wachezaji wengi wa poka, ambacho sisi Wakenya tunakijua tangu zamani: nikaunda chama. Kiingilio cha dola 600 nikakigawa katika hisa 20 za dola 30. Watu 12, marafiki na wenzangu wa kazini, wakanunua hisa moja moja, nami nikabaki na 8. Tiketi, viza na hoteli ni juu yangu. Nilituma sheria za chama kwa ukurasa mmoja, pamoja na ule mchoro wa mara nne katika tano, ili asije mtu kuniambia hakujua.

Mtu wa kumi na tatu aliyetaka hisa alikuwa mdogo wangu. Huyu nilimkatalia.

Mwaka 2023 mdogo wangu alicheza karo ya muhula mzima kwenye simu, kwenye ule mchezo wa kubeti ambapo kitu kinapaa na wewe unatakiwa utoe pesa kabla hakijaanguka. Alimaliza pesa usiku mmoja. Mama aliuza ng'ombe, na mimi nikalipa kilichobaki. Kwa hivyo nilipomweleza Mama kwamba nasafiri kwenda Marekani kucheza karata za pesa, hakupiga kelele. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa wewe na yeye mna tofauti gani? Ni kwamba wewe unatumia ndege?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Kwenye mchezo wa simu unacheza na kampuni, na kampuni imejipangia sehemu yake katika kila dau. Tuseme inakata asilimia 3 tu. Ukizungusha pesa zako zote mara 100, kwa wastani katika kila shilingi 100 unabaki na kama 5. Hakuna ujuzi unaosaidia hapo. Kwenye poka unacheza na watu, na ukiwa bora kuliko wao vya kutosha kulipia makato ya mwandalizi, muda mrefu unakuwa upande wako. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Na hao watu unaowala, hawana mama zao?" Programu yangu haikuwa na sehemu ya kujibu hilo, na hadi leo sijaiandika.

Viza ilikuwa rahisi kuliko Mama. Afisa wa ubalozi aliniuliza ninaenda kufanya nini, nikasema kucheza karata. Akainua macho. Nikamweleza kazi yangu, siku 14 za likizo, na shindano la dola 600. Akauliza swali moja tu zaidi, kama mimi ni mzuri. Nikamwambia ni mzuri kidogo kuliko wastani, kwa makadirio yangu. Akacheka, akanipitisha.

Niliondoka Nairobi wiki ya kwanza ya Julai 2024, siku chache baada ya maandamano ya Juni 25. Moja kwa moja hadi New York, halafu ndege nyingine hadi jangwani. Las Vegas tarehe 7 Julai ilifikisha nyuzi 48.9 za Selsiasi, rekodi ya mji huo. Nimekaa Mombasa mwezi wa pili, najua joto, lakini lile lilikuwa kama kufungua mlango wa tanuri ya mkate. Ndani ya kasino ni kinyume, baridi mpaka wenyeji huvaa sweta. Kila mapumziko nilifungua simu kusoma habari za nyumbani kabla hata ya kuangalia idadi ya wachezaji waliobaki.

Ukumbi wenyewe ni kitu cha kusikia kabla ya kuona. Mamia ya watu wanachezea sarafu zao kwa vidole (zile za mezani, si pesa halisi), na sauti inayotoka ni kama panzi shambani usiku. Mezani kwangu kulikuwa na dereva wa lori, daktari wa meno, vijana wawili wenye vipokea sauti masikioni ambao nilijua mara moja ni wenzangu wa programu, na mzee wa Texas aliyekuwa akiagiza maji moto yenye limau. Mzee alipojua natoka Kenya aliniuliza kama nakimbia. Nikamwambia nakimbia matatu tu.

Saa nyingi za mwanzo sina la kuwasimulia. Nilitupa karata. Nikatupa tena. Mara mbili nilipata mikono mizuri nikalipwa, na usiku ukaingia.

Sasa sikilizeni. Tumebaki watu sita kabla ya kuanza kulipwa. Yaani sita wakitoka, waliobaki wote wana zawadi. Nina sarafu 120,000. Dau za lazima ni 5,000 na 10,000, na 10,000 nyingine ya mezani, kwa hivyo katikati mna 25,000 kabla mtu hajafanya lolote. Mzee wa Texas, mwenye sarafu zaidi yangu kidogo, ndiye wa kwanza kucheza. Anaweka chini kikombe chake cha limau na kusukuma zote. Wengine wanatupa. Naangalia zangu: jozi ya 9.

Hesabu ni hii. Nikiitikia natoa 120,000 kugombea jumla ya 265,000, kwa hivyo nahitaji kushinda zaidi ya asilimia 45. Ikiwa mzee anafanya hivi kwa jozi za 10 kwenda juu, AK na AQ tu, nafasi yangu ni kama asilimia 37, natupa. Lakini ikiwa anafanya pia kwa jozi za 7 na 8, AJ na KQ, nafasi inapanda hadi karibu 48. Kila kitu kinategemea mzee huyu ni mtu wa aina gani.

Na kuna kitu cha pili. Karibu na malipo, sarafu si pesa. Chukueni mfano mdogo: watu watatu wana sarafu asilimia 50, 30 na 20, na zawadi nazo ni 50, 30 na 20. Mwenye nusu ya sarafu, ukifanya hesabu ya nafasi zake zote, thamani yake ni asilimia 38.4 tu ya pesa. Mwenye 20 ana thamani ya 28.9. Sarafu unazopata zina thamani ndogo kuliko zile unazopoteza. Kwa hivyo pale mezani asilimia 45 haikutosha. Nilihitaji zaidi, na hiyo 48 yenyewe ingekuwa ya kubishaniwa.

Hayo niliyajua kwa moyo. Nisichokuwa nimekihesabu ni wale watu 12. Kila nilipoitazama ile jozi niliona jina la mtu: mlinzi wa ofisini aliyelipa hisa yake kwa awamu tatu, dada wa uhasibu aliyeniambia nisimwambie mumewe. Nilikaa labda dakika mbili. Nikatupa.

Mzee akavuta sarafu, hakuonyesha karata. Nikamuuliza kwa utani alikuwa na nini. Akanikonyeza, akasema, "Kitu kizuri, kijana." Kwenye kazi yangu programu ikianguka naenda kusoma kumbukumbu zake, mstari kwa mstari, mpaka nijue. Pale hakuna kumbukumbu.

Dakika 20 baadaye mtu wa sita akatoka na ukumbi ukapiga makofi. Tulikuwa tumelipwa. Mimi nilidumu kidogo tu: AK yangu ikakutana na jozi ya 7, hakuna kilichotokea mezani, nikasimama, nikampa mzee mkono. Zawadi yangu ilikuwa dola 1,020. Kwa bahati ilikuwa ndogo, maana mgeni akishinda pesa kubwa Marekani hukatwa asilimia 30, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi nao, na Kenya haina.

Kila mwanachama alipata dola 51 kwa 30 aliyotoa, kama shilingi 6,600 kwa bei ya wakati ule, na nilizituma zote kwa M-Pesa siku niliyotua. Mimi binafsi, ukijumlisha nauli, viza na hoteli, ni mwanachama pekee aliyepata hasara, na ni hasara nene.

Nilikuwa nimesharudi kazini shindano kuu lilipomalizika. Jonathan Tamayo alishinda dola milioni 10, na mtandao ukawaka moto kwa sababu marafiki zake walikuwa pembeni na laptopu yenye programu za poka, wakiongea naye kati ya mikono. Hakupokonywa chochote. Kabla ya msimu wa 2025 kanuni za vifaa zikakazwa. Mimi nasema walichelewa miaka saba.

Mdogo wangu alikuja kwangu jumapili moja tukaangalia pamoja ule mkono wa jozi ya 9 kwenye tarakilishi. Alikuwa anabadilisha dhana kuhusu mzee, 37, 48, 41, anatazama jibu likigeuka. Kisha akaniomba nimfungulie faili jipya, akaandika mwenyewe ile ya asilimia 3 mara 100. Aliiendesha mara nyingi, akiwa kimya. Baadaye akaomba niitume kwenye simu yake, ana wenzake bwenini anaotaka kuwaonyesha.

Msimbo wa programu zote mbili ninao, ni mistari michache. Anayeutaka aniandikie barua pepe nimtumie. Hisa za chama sijui kama nitauza tena; mlinzi wa ofisini ameshaniuliza mara mbili.